Kipande cha Siajabu

Alikuja Jumatatu, umeme umekatika,
jenereta inakoroma nyuma ya maabara kama mgonjwa wa pumu,
na mimi nimeuegemea mlango wa friji kwa mgongo
kana kwamba baridi ingeona haya kunipita.

Bi Somoe, wa Mbagala Kizuiani.
Shikamoo yangu aliipokea, akaiweka kando.
"Kondo la mwanangu mmelipeleka wapi?"

Kokusima, aliyekuwa akiosha vioo, akafunga bomba.

Jibu nilikuwa nalo. Limo daftarini, mstari wa 0417:
wiki thelathini na moja, chupa ilipasuka kabla ya uchungu,
mtoto wa kike, hakulia.
Kipande cha kondo, ukubwa wa ukucha, kimehifadhiwa ndani ya nta.
Kilichobaki kilikwenda na taka za hospitali, tanurini.
Hapo nilisema polepole.
Hakuna sauti nzuri ya kulisemea neno tanuri.

"Sisi tunalizika," akasema. "Kwenu mnalifanyaje?"

Kwetu pia tunalizika.
Langu liko Ugweno, chini ya mgomba
ambao mama hadi leo anauita kwa jina langu.

Mtaani kwao wanasema tunauza.
Damu inapanda ndege, kondo linapikwa mafuta ya kujipaka.
Sikubisha. Nilimvutia stuli,
umeme uliporudi nikamwekea kioo kwenye hadubini.
Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.
Huo utando wa waridi ni wa mwanao, nikamwambia.
Hivyo vya zambarau, vilivyofuatana kama shanga,
ndio hao. Walipanda kutoka chini, taratibu,
bila homa, bila maumivu, pengine wiki nyingi,
na sisi kliniki tukampima presha, tukamwambia nenda, uko salama.

Alikaa sana pale, jicho moja limefumbwa.
"Vidogo hivi," akasema.
Kisha, kwa hasira, sijui hasira ya nani:
"Na jirani yangu nimemnunia tangu Ramadhani."

Fomu ya ridhaa, kipengele cha nne,
nilikiandika kwa mkono wangu: mshiriki anaweza kujitoa
na sampuli yake, wakati wowote, bila kuulizwa sababu.
Miaka sita, akina mama elfu moja na mia mbili,
hajatokea wa kukitumia.
Nilikuwa nikijisifu kwamba wanatuamini.
Siku ile nikashuku kwamba hakijasomwa.

Lakini bibi si mshiriki. Aje mwenyewe, nikasema.

Alhamisi akaja Siajabu, na sare ya kiwanda cha biskuti,
ruhusa ya saa moja, nusu yake imeishia njiani.
Alikisoma kipengele cha nne kwa kidole.
Akauliza kama tumepata dawa ya kuzuia.
Bado.
Kama tunaweza kujua mapema nani atapatwa.
Bado, ila tunakaribia, na kipande chako ni kimoja katika vile
Akanyanyua mkono. Nikanyamaza.

"Nusu," akasema.
"Nipe nusu nikazike. Nusu baki nayo, uendelee kutafuta."

Fomu haina kisanduku cha nusu.
Nikachukua wembe, nikaikata nta.
Mkono wangu, uliokwisha kata vipande maelfu,
ulitaka kwanza kuambiwa ni wapi katikati.

Ua la nyumba wanayopanga limepigwa saruji ukuta kwa ukuta,
mwenye nyumba hapendi matope.
Nilisikia baadaye alizika kwenye ndoo ya rangi,
ile waliyopandia mchaichai, kando ya ngazi.
Na kwamba mama yake hamruhusu mtu kuchuma,
hata wa chai ya mgeni.

Mwezi wa saba ripoti ilikwenda kwa wafadhili.
Wakaandika kuuliza, jedwali la pili, mstari wa 0417,
kwa nini sampuli imeandikwa nusu.
Tafadhali toa ufafanuzi.

Walinipa nafasi ya maneno hamsini.